Kijiji Tulichokipelekea Sombe

Kama ulikulia Saint-Gilles, huku Ubelgiji, wakati wetu, basi ngazi za nyumba ndizo zilikuwa uwanja wako. Zile za kwetu zilikuwa za mbao, zinanuka nta na supu ya watu wa chini, nasi tulikuwa tukiteremka kwa makalio, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka mwenye nyumba atoke na ufagio. Mvua ikikatika tulishuka barabarani kuruka elastiki. Wawili waliivaa miguuni, wa tatu aliruka, na aliyekosea alikwenda kushika zamu ya mwenzake huku akinuna. Leo mtoto akikosa chaji anasema anaumwa. Chaji yetu sisi ilikuwa mkate uliopakwa chokoleti: nusu unakula, nusu unampa rafiki ili kesho naye akukumbuke.

Na Jumamosi mnaikumbuka! Maman zetu walitushika mkono tukapanda hadi Porte de Namur, tukaingia Chaussée d'Ixelles na vichochoro vyake kutafuta sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa na kugandishwa kama tofali, samaki wa chumvi, na mawese ndani ya chupa iliyokuwa ya maji. Tulirudi tumebeba soko zima kwenye nguo. Jumatatu koti langu liliingia darasani kabla yangu.

Halafu kulikuwa na simu. Ninyi wenzangu mnajua nasema nini. Kadi ya kukwangua, namba ndefu kuliko sala ya Jumapili, kisha kelele za “Allô! Allô! Unanisikia?” mpaka jirani anagonga ukuta. Kwa simu hiyo ndiyo siku moja ilifika habari kutoka nyumbani. Nilikuwa mdogo sana, lakini sauti ya binamu wa Papa naikumbuka, ikivuma kama nyuki kwenye chupa. Alisema kule kijijini hakuna tena mutu. Wale tuliowaacha nyuma wakati wa vita, nao wamekimbia. Nyumba zimeanguka, majani yamepanda.

Maman aliweka simu chini, akaenda kuosha sahani zilizokuwa zimeshaoshwa.

Tangu siku hiyo hakukitaja tena kijiji chetu, hata jina. Kanisani wakimwuliza, “Maman, munatokaka upande gani?” anajibu, “Bukavu,” kisha anauliza bei ya samaki. Mimi nililetwa Ubelgiji mgongoni. Kichwani mwangu hapakuwa na kijiji chochote, na jina lake sikulijua. Papa nikimwuliza alikuwa akitazama mlango wa jikoni, halafu ananinong'oneza, “Furaha, ngoja Maman yako yeye mwenyewe aseme.” Nikangoja. Mtoto anayependa kuota hangoji mikono mitupu, kwa hiyo nilijijengea vijiji vyangu, kila wiki kipya. Kimoja kilikuwa na tramu.

Basi mwaka mmoja, jua la Juni limeanza kuwaka, Madame wetu wa darasani akaahidi kutupeleka kuona kijiji cha zamani. Nilikwishakijenga kabla hatujatoka shuleni: ngome, farasi, mama mnene anayeuza maandazi ya beignets dirishani. Tulipanda tramu hadi mwisho wa njia, tukavuka msitu tukiwa wawili wawili tumeshikana mikono, tukatokea kwenye konde kubwa. Majani. Ng'ombe. Kibao chenye picha ya watu waliovaa kofia za nguo. Madame akafungua mikono yake yote miwili, uso unang'aa, akasema tumefika. Mvulana mmoja akauliza kama kijiji kiko nyuma ya ng'ombe.

Madame alitueleza vizuri, maskini. Alisema hapa watu waliishi, wakapanda ngano, wakafuga nguruwe, wakabatiza watoto. Halafu wakaondoka, na hakuna ajuaye sababu kwa hakika: labda askari waliopita wakichoma, labda ugonjwa, labda njaa. Nyumba zikaoza. Kilichobaki ni mabonde na matuta chini ya majani. Tulitazama sana. Jua lilikuwa utosini na konde lilionekana limenyooka kama godoro. Tulipokuwa tukirudi alitupa kazi ya nyumbani: kila mtoto achore kijiji ambacho familia yake inatoka. Rafiki yangu ambaye wazazi wake ni wa Morocco alianza kuchora ndani ya tramu, kwenye kioo, kwa kidole. Mimi vidole vyangu niliviacha mfukoni.

Nilimkuta Maman jikoni, anapiga ugali. Sikuthubutu kuanza na mchoro, nikaanza na konde.

“Maman, Madame alitupeleka ku kijiji. Lakini kijiji haiko. Batu yote balikimbia.”

Mwiko ukasimama. “Balikimbia nini?”

“Madame anasema pengine askari.”

“Na nyumba?”

“Zilianguka. Kunabaki majani na ng'ombe.”

“Hapa hapa Ubelgiji?”

“Mwisho wa tramu.”

Madame alikuwa amesema ni zamani, na mimi nilimwambia Maman ni zamani. Lakini nyumbani kwetu zamani ilikuwa neno la wakati kabla hatujafika Ubelgiji. Hatukuwa na zamani nyingine. Maman alizima moto, akaketi.

“Bale batu bako fasi gani sasa?”

“Sijui.”

“Banakula nini? Nani anabapikia?”

Sikujua pia. Usinicheke, nilikuwa mtoto, na yeye aliuliza kwa uso wa mtu anayeuliza habari za ndugu zake. Nikaona aibu kwamba sikumwuliza Madame.

Jioni ile alikuja Maman Béa, rafiki yake wa Lubumbashi aliyekaa ghorofa ya juu yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita teksi ng'ambo ya mfereji. Naye habari zilimwingia moja kwa moja.

“Eh, ma chère, bazungu nabo banateseka! Ni aibu tu, banaficha.”

Papa peke yake ndiye aliyetia shaka. Aliweka gazeti magotini. “Bon. Mi nasema, kama bazungu bangekimbia, tungesikia ku radio.”

“Radio gani ilisemaka juu yetu sisi?” Maman akamjibu.

Papa akalirudia gazeti lake. Maman akaendelea, sasa taratibu, kama anajisemea. Alisema siku tulipokimbia, kulikuwa na mama mmoja njiani, mlangoni kwake, aliyetupatia sufuria nzima ya maharagi. “Sikumujua. Hakuniuliza jina. Alisema tu, kuleni, mutaniletea sufuria siku ingine. Mpaka leo sijarudisha.” Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema juu ya njia ile.

Basi Jumapili, baada ya ibada, tulipanda tramu. Laiti mngetuona! Maman na Maman Béa ndani ya vitenge vya kwenda kutoa pole, vilemba vimefungwa vizuri. Papa kwenye suti yake ya kanisani, amekumbatia sufuria kubwa ya sombe iliyofungwa kwa kitambaa, uso umegeukia dirishani kama vile sufuria ni ya mtu mwingine. Mdogo wangu Pasi alibeba blanketi. Mimi nilibeba samaki wa kukaanga, na kwa kuwa ndimi niliyejua njia, nilikuwa pia kiongozi wa msafara. Tramu nzima ilinuka mawese. Watu walisogea kando kwa adabu, mmoja akafungua dirisha. Papa akanong'ona, “Heri tungelipia sufuria kiti chake.”

Tulivuka msitu, viatu vya kanisani vikilia kwenye changarawe, tukatokea kondeni. Ng'ombe walikuwapo, kibao kilikuwapo. Maman aliangalia huku, akaangalia kule. Akanigeukia.

“Furaha, ni hapa?”

“Ni hapa, Maman.”

Alikuwa akipita mzee mmoja wa Kibelgiji na mbwa wake mweusi. Maman Béa akamsimamisha kwa Kifaransa chake cha Lubumbashi, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akauliza wenye kijiji hiki wamehamishiwa wapi, kwa sababu tumewaletea chakula.

Mzee alitutazama. Akatazama sufuria. Akavua kofia yake polepole.

“Lakini, madame, wamekufa.”

“Bote?” Maman Béa akapeleka mikono kichwani. Maman akamshika Pasi bega. Nilijua kinachofuata, kilio, na mzee naye nadhani alikiona kinakuja, maana alisema haraka haraka kwamba ni karne nyingi zimepita, madame, mamia ya miaka, kabla ya babu wa babu zake yeye mwenyewe.

Ng'ombe alitafuna. Papa akaweka sufuria chini, akajinyoosha mgongo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalegeza tai. Maman Béa naye akashindwa, akaketi kwenye majani na kitenge chake kizuri, anapiga mapaja: “Mungu wangu, tumeleta samaki kwa batu ya karne ingine! Na mi nilitoa mifupa, nilisema bitoto byabo bitasongwa!” Mzee alicheka pia, kidogo kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa. Mimi nilitaka ardhi inimeze pamoja na kile kijiji.

Maman hakucheka. Hakukasirika pia. Alikuwa akitazama konde. Halafu akasema kwamba chakula kilichopikiwa watu waliokimbia hakirudi jikoni, na akaenda hadi pale majani yalipoinama kidogo, kama mlango, akasimama wima.

“Hodi!”

Upepo.

“Hodi humo ndani! Hodi, jamani!”

Aliposema mara ya mwisho alingoja kweli, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama unavyongoja mtu aliye nyuma ya nyumba akinawa mikono. Ng'ombe mmoja akainua kichwa.

“Huyu njo concierge, mulinzi wa mulango,” akasema Maman Béa.

“Kama hakuna wa kujibu, tunaingia pole pole,” akasema Maman. Tukaingia.

Tulitandika blanketi la wakimbizi, tukala. Mzee tulimvuta kwa nguvu aketi nasi. Sombe aliionja kwa ncha ya kijiko, akaomba tena, na pilipili ikamtoa machozi ambayo alisema ni ya upepo. Mbwa alipata samaki. Mzee alituambia kwamba amepita pale maisha yake yote na hajawahi kuona mtu akila pale. Akatuonyesha kwa fimbo: kile kilima ni kanisa, pale chini palikuwa na bwawa la samaki. Maman naye akaanza kutafuta. Alikuta kichaka cha upupu wa Kizungu, ule unaochoma mikono, akasema hapa palikuwa na watu na wanyama, kwa sababu kwetu pia majani yanakuwa makali pale palipotupwa majivu na takataka. Mzee akakubali kwa kichwa. Maman akapata moyo, akatuonyesha shimo, akasema kwa uhakika wote kwamba hiki ni kisima cha mababu. Ilikuwa birika la kunyweshea ng'ombe. Mbwa alikwishaingia ndani.

Kwa sababu chakula kilikuwa kingi na stori za Maman Béa hazina breki, jua lilishuka tukiwa bado pale. Na hapo ndipo ilipotokea. Mzee alisimama, akasema, “Sasa tazameni.” Mwanga ulikuwa unakuja ubavuni, wa rangi ya mawese, na kila tuta dogo la konde likaweka kivuli. Kivuli kimoja, kisha kingine, kisha mistari. Barabara ikajichora mbele yetu, imezama katikati kama kitanda kilicholaliwa sana. Huku na huku yake vikatokea viwanja vya nyumba, pembe nne, pembe nne, na nafasi ya mlango kila kimoja. Lile godoro la Madame lilikuwa kijiji kizima. Lilihitaji tu jua liiname.

Maman alishika njia ile. Alitembea katikati yake, mikono nyuma, nasi tukamfuata. Kwenye kiwanja cha kwanza akasimama.

“Hapa njo kwa Maman Sifa,” akasema.

Maman Béa akafungua mdomo, Papa akamshika mkono.

“Pale kwa mwalimu. Huyu alikuwaka na redio, jioni tulienda kwake kusikiliza. Hapa mulango yetu. Nyuma kuko migomba, mbele kidogo kuko jiwe, fasi ya kuketi kuchambua maharagi.” Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, ilikuwa sauti ya mtu anayempokea mgeni. “Na pale juu, mashini ya kusaga.”

“Mashini haikuwa pale,” akasema Papa. “Ilikuwa upande ya muto.”

“Wewe! Mi nilibebaka unga kila juma, wewe ulikuwa unaketi kwa redio!”

“Upande ya muto, mama Furaha. Sauti yake ilikuwa inatokea kule.”

Wakabishana, pale katikati ya Ubelgiji, juu ya mashine ya kusaga isiyokuwapo, kila mmoja akinyoosha kidole upande wake. Sijawahi kusikia ugomvi mtamu kuliko ule. Nikaona hapo ndipo mahali pa kuuliza, nikiuliza kesho mlango utakuwa umefungwa tena.

“Maman, kijiji gani hiyo?”

Alinigeukia. Nyuma yake vivuli vilikuwa vinarefuka.

“Kalambira,” akasema. “Wewe ulizaliwa Kalambira.”

Kisha akaketi kwenye ukingo wa nyumba ya Mbelgiji mmoja wa zamani, akanivuta karibu. Alisema alidhani kijiji kikiisha, ukilitaja jina lake unadanganya watu. “Unasema natoka fasi fulani, na fasi fulani haiko. Njo nini hiyo? Sasa tazama. Hii iliisha mbele ya babu yabo bote, hakuna hata mutoto wa kuilia. Na udongo unajua bado fasi ya mulango.” Akapapasa majani kwa kiganja, kama unavyompapasa mtoto aliyelala. “Kalambira ni ya juzi tu. Haiwezi kuwa imesahau.”

Nilichora. Nilichora na barabara iliyozama, na migomba, na jiwe la maharagi, na mashine ya kusaga mara mbili, moja juu na moja mtoni, ili nisimkosee mzazi yeyote. Nilimchora na ng'ombe. Madame aliuliza kama kwetu kuna ng'ombe wa rangi hiyo. Nikasema yule ni concierge.

Ninyi wenzangu, leo mambo ni mepesi. Maman anakaa Molenbeek sasa, karibu na metro, nyumba yenye lifti, na watoto wa pale hawajui utamu wa kuteremka ngazi kwa makalio. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, na nikiwasaidia kuvaa soksi nawauliza wanatoka kijiji gani, maana nimegundua hilo ndilo swali linalowafungua. Pasi ana mtoto wake, Nolan, wa miaka minane, ambaye elastiki anaijua kama kitu cha kufungia nywele. Yeye dunia yote iko ndani ya simu ya baba yake.

Jumapili iliyopita Nolan aliamua kumtafutia bibi yake kijiji. Aliandika, akasogeza vidole viwili, Afrika ikaja mbio, kisha ziwa, kisha vilima, muda wa kumeza mate. Sisi tulihitaji tramu, suti ya Papa, sufuria nzima, na jua lenye huruma. Yeye alihitaji kidole. Akatazama picha ile iliyopigwa kutoka angani, kijani, kijani, kijani.

“Koko, hakuna kitu hapa,” akamwambia bibi yake. “Ni majani tu.”

Nilimkumbuka yule mvulana wa darasa letu na ng'ombe wake. Wamepata macho ya kuona kutoka mbinguni, watoto wa leo, na bado hawana subira ya kungoja jua liiname.

Maman alivaa miwani. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, mpaka pua ilikaribia kugusa kioo.

“Ongeza kidogo,” akasema. “Ile yenye kuiva zaidi, unaona? Kijani ya giza. Ile ni migomba yangu. Imezaa, imejaza kiwanja, hakuna mwenye kuipunguza.” Papa hayupo tena wa kumbishia, kwa hiyo alinyamaza kidogo, kama anampa nafasi. Kisha akasema polepole, “Na mashini... bon. Pengine ilikuwa upande ya muto.”

Akakaa vile, simu mkononi, mwanga wake usoni. Halafu, kwa sauti ileile ya kondeni, na kichwa kimeinama upande uleule, akakiambia kioo:

“Hodi!”

Najua kimya kinachofuata neno hilo, nilikisikia nikiwa mtoto, nacho sijakisahau.

Lakini Nolan alikwisharudi sakafuni kwenye magari yake, na mtoto huyu, pamoja na makosa yote ya kizazi chake, kitu kimoja Maman amemfundisha tangu alipoanza kusema. Hakuinua hata macho.

“Karibu, Koko,” akajibu. “Ingia.”